Halloween ya familia ughaibuni: vazi la daladala, boga la kuchonga na ukurasa wa albamu

Ikifika katikati ya Oktoba maswali ni yaleyale. Mtoto kaja na karatasi ya shule, anataka vazi. Jirani keshaweka boga barazani. Wazazi wanauliza: tuanzie wapi, tununue nini, na watoto watavaa nini kwenye baridi hii? Mwongozo huu umeandikwa kwa familia za Waswahili zilizoko Marekani na Kanada zinazofanya Halloween, ule usiku wa watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi, kwa mara ya kwanza au ya pili na hazitaki kumaliza pesa kwenye mavazi ya dukani yanayochanika usiku uleule.

Humu mna kazi tatu: vazi la boksi lililopakwa rangi kama daladala, boga, na ukurasa mmoja wa albamu ya kumbukumbu. Zichukue kama kazi moja. Wengi huhangaika na vazi, wakapiga picha mbili tatu kwa simu, na Krismasi ikifika hakuna tena anayekumbuka nani alipaka magurudumu na mtoto alikuwa na miaka mingapi. Ukijua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wa kazi ni ukurasa wa albamu, utajua kipi cha kutunza na picha gani upige, na hutajikuta unatafuta vipande vilivyokwisha kwenda na takataka.

Jambo moja kabla ya kuanza. Familia nyingi za Kiislamu na za Kikristo hazishiriki usiku huu, na huo ni uamuzi wa kila nyumba. Hata hivyo, vazi hili halina mzimu wala damu. Linafaa pia siku ya mavazi shuleni, na linafaa kwenye zile sherehe za makanisa ambapo watoto hugawiwa pipi kutoka kwenye buti za magari.

Panga siku zako

Halloween ni tarehe 31 Oktoba, lakini saa za watoto kupita nyumba kwa nyumba hupangwa na mji au mtaa, na miji mingi ya Ohio hutangaza hata siku yake yenyewe. Angalia tangazo la mji wako mapema. Sehemu nyingi ni kati ya saa 11:30 jioni na saa 2 usiku kwa saa zetu, yaani 5:30 hadi 8:00 kwenye tangazo lao. Saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo tarehe 31 Oktoba bado jua linachelewa kidogo: Minneapolis huzama karibu saa 12 jioni, Houston na Columbus karibu saa 12:30. Kumbuka saa hizo, maana picha nzuri za vazi zinategemea mwanga wa kabla ya hapo.

Vazi lianze siku kumi kabla, kwa sababu rangi inahitaji kukauka na mtoto anahitaji kulijaribu. Boga linunuliwe wiki moja kabla, lakini lichongwe siku mbili au tatu tu kabla ya tarehe 31. Ukurasa wa albamu ufanywe ndani ya wiki moja baada ya usiku wenyewe. Ukisubiri zaidi ya hapo, mara nyingi haufanyiki.

Vitu vya kuandaa

Kwa vazi la daladala, mtoto wa miaka 5 hadi 8:
- Boksi moja gumu, urefu wa sm 50, upana wa sm 40, kimo cha sm 25 au zaidi (utalipunguza). Omba dukani, hutolewa bure.
- Mikanda miwili ya kitambaa, kila mmoja upana wa sm 4 na urefu wa sm 100. Kipande cha kitenge kilichokunjwa mara tatu na kushonwa kinafaa sana.
- Rangi ya maji ya akriliki: nyeupe nyingi (karibu ml 250), rangi moja ya mstari, na nyeusi kidogo.
- Sahani nne za karatasi za sm 23 kwa magurudumu.
- Taa ndogo nne za betri, mbili nyeupe na mbili nyekundu.
- Tepu ngumu ya kitambaa, ile ya rangi ya fedha, na tepu ya karatasi ya wapaka rangi.
- Tepu ya kuakisi mwanga, mita moja.
- Mkasi, rula, kisu cha wembe, gundi ya moto, pini kubwa nne za usalama.

Kwa boga:
- Boga la kilo 5 hadi 7, kijiko kikubwa cha chuma, kisumeno kidogo cha kuchongea maboga, sindano nene au kijiti cha mishikaki.
- Jiki ya kawaida isiyo na manukato, mafuta ya mgando (kama Vaseline), taa ya betri.

Kwa albamu:
- Albamu ya karatasi zisizo na asidi, ya inchi 12 kwa 12 au ya ukubwa wa karatasi ya barua.
- Tepu ya pande mbili isiyo na asidi au vipembe vya kushikia picha.
- Kalamu ya wino wa pigimenti, yaani usiofifia wala kusambaa. Kalamu ya kawaida ya shule haifai.
- Vifuko vya plastiki vya polipropilini vya kuwekea vitu vidogo.
- Bahasha moja kubwa. Hii iwe tayari tangu siku ya kwanza, ibandike kwenye friji na iandike jina la mtoto na mwaka.

Vazi: hatua kwa hatua

1. Mpime mtoto akiwa amevaa koti. Hapa ndipo wageni wa baridi hukosea kuliko mahali pengine popote. Vazi linakaa vizuri sebuleni, halafu saa ya kutoka mtoto anavishwa koti zito na boksi halipiti tena. Jioni hiyo kaskazini inaweza kuwa ya baridi kali. Mwaka 1991 Minneapolis na St. Paul walianza kupigwa na theluji siku hiyohiyo ya Halloween, na ilipokoma ilikuwa imezidi sm 70. Kwa hiyo koti kwanza, boksi juu yake.

2. Pima kutoka kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa, hadi sm 10 juu ya goti. Hicho ndicho kimo cha boksi. Kwa mtoto wa miaka 6 huwa karibu sm 25. Likizidi hapo, goti litagonga boksi kila anapopanda ngazi, na usiku huo ni ngazi tupu.

3. Kata sakafu yote ya boksi. Juu, kata vifuniko vitatu na uache kile cha mbele. Hicho kisimamishe wima, ukipunguze kibaki na kimo cha sm 12, kisha kifunge kwa tepu ngumu kwa ndani. Hicho ndicho kioo cha mbele na mahali pa kibao cha ruti. Usikiache kikawa kirefu zaidi, la sivyo mtoto hataona miguu yake.

4. Imarisha kingo. Zungushia tepu ngumu ukingo wote wa juu na wa chini, nusu nje na nusu ndani. Boksi lisiloimarishwa hupinda ukingoni kabla hamjamaliza mtaa wa kwanza, na ukingo wake mkali humkwaruza mtoto mkononi.

5. Toboa matundu manne ya mikanda: mawili ukuta wa mbele, mawili wa nyuma, kila moja upana wa sm 4.5, sm 5 chini ya ukingo wa juu, na sm 20 kati ya tundu na tundu. Kabla ya kukata, bandika tepu ngumu pande zote mbili za mahali hapo. Mikanda utaipitisha baada ya rangi.

6. Paka rangi nyeupe nje, koti mbili nyepesi, ukiacha saa moja kati yake. Paka koti moja nyepesi ndani pia. Watu huiruka hiyo ya ndani halafu wanashangaa boksi limejikunja: karatasi iliyolowa upande mmoja hunywea upande huohuo inapokauka. Maandishi ya boksi yakiendelea kuonekana, subiri likauke kabisa na uongeze koti ya tatu. Kupaka rangi nzito kwa mkupuo mmoja hakusaidii, huleta nyufa tu.

7. Weka mstari wa ubavuni. Bandika tepu ya karatasi mistari miwili sambamba kuzunguka gari, paka katikati, na ing'oe tepu rangi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, itabanduka pamoja na rangi. Kuhusu rangi ya mstari, waulize watoto wanataka gari la wapi. Daladala za Dar es Salaam hutambulishwa kwa mistari ya rangi kulingana na ruti. Matatu za Kenya zina mstari wa manjano uliolazimishwa na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004. Mtoto ambaye hajawahi kufika huko atauliza maswali, nawe utapata nafasi ya kumweleza huku mkono wake una brashi.

8. Chora madirisha kwa rangi nyeusi, matatu kila upande, ukiacha sm 3 kati yake. Usiyakate. Boksi lililokatwa madirisha hulegea katikati. Ukitaka abiria, bandika picha za ndugu ndani ya madirisha hayo: bibi dirisha la kwanza, shangazi la pili. Tumia nakala tu, usiweke picha halisi.

9. Andika kibao cha ruti kwenye karatasi nyeupe ngumu: MBAGALA – KARIAKOO, au 505 UWANJA WA NDEGE kwa watu wa Unguja, au 111 NGONG kwa watu wa Nairobi. Kibandike kwa tepu, usitumie gundi, maana kibao hiki kitakwenda kwenye albamu kikiwa kizima.

10. Magurudumu: paka sahani nyeusi, katikati weka duara la kijivu la sm 9, bandika kwa gundi ya moto. Kwanza kwaruza rangi ya boksi mahali pa kubandika kwa sandpepa au mkasi. Gundi ya moto iliyowekwa juu ya rangi laini hushika rangi peke yake, na gurudumu likivutwa linaondoka na ngozi ya rangi. Kifaa cha gundi hiyo kishikwe na mtu mzima. Hata kile kinachoitwa cha joto dogo huunguza.

11. Taa. Mbili nyeupe mbele, mbili nyekundu nyuma, zibandikwe kwa tepu juu ya vitundu vidogo ili uweze kuziwasha kwa ndani. Nyuma ongeza tepu ya kuakisi mwanga, mstari wa sm 40. Magari yanatokea nyuma ya mtoto, kwa hiyo usiiweke yote mbele kwa sababu ya picha.

Tahadhari: taa nyingi za aina hii hutumia betri bapa za mviringo kama sarafu. Mtoto mdogo akiimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Nunua zenye kifuniko cha skrubu, zungushia tepu juu yake, na ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, kimbilia hospitali bila kungoja dalili.

12. Pitisha mikanda, ukiipishanisha mgongoni kama herufi X. Mikanda iliyonyooka huteleza begani, hasa juu ya koti la nailoni. Funga kwa pini za usalama kwa ndani, mvishe mtoto, rekebisha urefu, ndipo ushone. Kipande cha kitenge kilichobaki, hata cha sm 10, kiingie kwenye ile bahasha ya friji.

13. Mjaribishe: apande ngazi, apite mlangoni, akae chini na kuinuka, ashike mfuko wa pipi kwa mikono miwili. Ndani ya gari vazi huvuliwa na kwenda kwenye buti, kwa kuwa mkanda wa gari haufungwi juu ya boksi.

Mdogo wake ambaye hawezi kubeba boksi awe konda. Vazi ni shati la mikono mirefu juu ya koti, kofia ya sufu, na noti za karatasi za kuchezea zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, moja kila pengo, jinsi makonda wanavyofanya. Mfundishe kugonga ubavu wa gari mara mbili ili liondoke. Kwa maoni yetu hili ndilo vazi bora kuliko lile la boksi lenyewe, na halina gharama.

Acha barakoa zinazofunika uso. Mtoto haoni pembeni. Rangi ya uso ijaribiwe kwenye mkono saa 24 kabla. Bunduki za kuchezea ziache kabisa: shule nyingi huzikataza, na kitu kinachofanana na silaha mkononi mwa mtoto gizani kinaweza kuleta balaa.

Boga: hatua kwa hatua

Boga la kuchonga si lile la kupika. Limekuzwa liwe kubwa na lenye ukuta mwepesi, na nyama yake ni maji tu. Ukitaka boga la nazi kwa familia, nunua lile dogo tamu kando.

1. Chagua lenye kikonyo cha kijani kilichokaza, kitako bapa na ngozi isiyo na jeraha. Lizungushe na ubonyeze kwa kidole gumba, hasa kitakoni. Doa moja laini linatosha kulikataa. Usilibebe kwa kikonyo.

2. Lioshe nje kwa maji yenye jiki: kijiko kikubwa kimoja (ml 15) kwa lita 4 za maji. Jiki usiichanganye na siki wala sabuni nyingine yoyote ya usafi, hutoa hewa ya sumu.

3. Kata tundu nyuma, upana wa kutosha kupitisha mkono. Usikate kifuniko cha juu. Mapicha yote yanaonyesha kifuniko juu, lakini ukingo wake hunyauka kwanza, kifuniko kinadondokea ndani, na kikonyo kilichokuwa kikishikilia boga kimeshakatwa. Kwa taa ya betri huna haja ya tundu la moshi.

4. Watoto watoe mbegu na nyuzi kwa kijiko na mikono. Kisha mtu mzima akwangue ukuta wa mbele kwa ndani hadi ubaki na unene wa sm 2.5 hivi. Ukuta mnene huzuia mwanga na kuvunja kisumeno. Ukuta wa chini ya sm 2 hujikunja siku ya pili.

5. Chora umbo kwenye karatasi, libandike kwenye boga kwa tepu, na utoboe vitundu kwa sindano kufuata mstari, kila baada ya mm 5. Si lazima liwe sura yenye meno. Jahazi ni rahisi na linapendeza: tanga la pembetatu, mwili wa chombo chini yake, na mawimbi mawili. Umbo la korosho la kanga nalo hukubali vizuri. Sheria ni moja: kati ya sehemu moja ya kukatwa na nyingine ubaki ukuta wa sm 1.5 au zaidi. Tanga likigusana na mwili wa jahazi, kipande kinaning'inia na kuvunjika.

6. Chonga kwa kisumeno, anza na vitu vidogo vya katikati na umalizie vikubwa vya pembeni. Ukianza na vikubwa, boga linapoteza nguvu kabla hujafika kwenye yale madogo. Kisu cha jikoni kiweke mbali. Kinahitaji msukumo mkubwa, na kikiteleza kinaishia kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kisumeno ni kupeleka na kurudisha taratibu, bila kusukuma.

7. Osha ndani kwa maji yaleyale ya jiki, liinamishe likauke dakika 20, kisha paka mafuta ya mgando kwenye kingo zote zilizochongwa. Mafuta haya yanashika moto, kwa hiyo boga lililopakwa liwekwe taa ya betri peke yake.

8. Liweke barazani palipo na kivuli. Kwenye joto la Texas au Florida, liingize kwenye friji mchana na ulitoe jioni.

Mbegu usizitupe. Kwa vikombe 2 vya mbegu zilizooshwa, chemsha dakika 10 kwenye vikombe 4 vya maji na kijiko kikubwa cha chumvi, zikaushe kwa taulo, zichanganye na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, uoke kwa nyuzi 165 za Selsiasi (325 kwenye oveni za Marekani) dakika 20 hadi 25, ukigeuza mara moja. Zikianza kudata, toa.

Usiku wenyewe

1. Piga picha za vazi saa moja kabla ya jua kuzama, nje, mwanga ukiwa ubavuni mwa mtoto. Unahitaji picha sita: vazi zima kwa mbele, kwa nyuma, uso, mikono ya konda na noti zake, watoto wote pamoja, na aliyetengeneza vazi akiwa amesimama kando yake. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, na baadaye ndiyo inayotafutwa.

2. Boga lipigwe picha dakika kama 20 baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na ubluu. Zima flashi, egemeza simu kwenye kiti, gusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini na ushushe mwangaza hadi umbo lionekane.

3. Mlango wenye taa ya baraza iliyowashwa unakaribisha. Iliyozimwa, mpite kimya. Watoto wakigonga husema "trick or treat", wakipewa hushukuru. Wewe ukiwa hushiriki, zima taa yako, hakuna atakayekulaumu.

4. Boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani maana yake nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa chakula. Mpango huo ulienea Marekani yote mwaka 2014. Kama mwanao hali karanga, anzia hapo.

5. Nyumbani mwaga pipi zote mezani kabla ya kuliwa. Tupa zilizofunguka. Wenye watoto chini ya miaka 4 watoe pipi ngumu na karanga, zinakaba. Wanaokula halali wasome pakiti za zile laini za kutafuna, kwani nyingi zina jelatini ya nguruwe. Maganda matatu mazuri yaoshwe, yakaushwe, yaingie kwenye bahasha.

Ukurasa wa albamu

1. Chagua picha tatu, zisizidi tano. Moja kubwa, mbili ndogo. Wanaoanza hubandika kumi na mbili, na jicho halijui litue wapi.

2. Chapisha kutoka kwenye faili la asili. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, kwa hiyo mwambie shangazi aliyepiga akutumie kama dokumenti.

3. Panga vyote kwenye ukurasa bila gundi, piga picha ya mpangilio kwa simu, subiri hadi kesho yake, ndipo ubandike. Albamu za kurasa zenye gundi tayari na plastiki ya kufunika ziache. Gundi yake hugeuka manjano na kuishika picha moja kwa moja.

4. Kitenge kifuliwe na kupigwa pasi kwanza, kisiachie rangi. Kikate kwa mkasi wa meno kisifumuke. Maganda ya pipi yaingie kwenye kifuko cha polipropilini, kwa sababu mafuta ya chokoleti hutoka hata baada ya kuoshwa. Jani la mti wa maple lililogeuka jekundu likandamizwe ndani ya kitabu kizito, kati ya karatasi mbili, wiki mbili. Mbegu mbichi za boga zisiwekwe kabisa, huleta ukungu.

5. Kibao cha ruti kiwe kichwa cha ukurasa. Hakuna mapambo ya dukani yatakayokishinda.

6. Andika. Majina kamili, umri wa kila mtoto, tarehe, mtaa na mji, nani alishona, nani alipaka rangi, na sentensi moja aliyosema mtoto usiku huo, kama alivyoisema. Andika kwa Kiswahili hata kama watoto wanajibu kwa Kiingereza, ili bibi aliyeko Tanga au Mombasa akitumiwa nakala asome mwenyewe bila kutafsiriwa. Mtoto naye aandike mstari wake kwa mwandiko wake, herufi zikipinda zipinde.

7. Acha wino ukauke dakika kumi kabla ya kufunga ukurasa.

Mambo yakienda kombo

*Boksi linayumba mbele na nyuma.* Mikanda ni mirefu au haijapishana. Fupisha, kisha bandika vipande vya sponji ndani, mbele na nyuma, viguse koti.

*Rangi inabanduka.* Boksi lilikuwa na nta au selotepu ya zamani. Bandua, sugua kwa sandpepa, paka upya hapo tu.

*Mvua au theluji imetangazwa.* Funika boksi lote kwa selotepu pana inayoonyesha, mistari ipandane kwa sm 1. Fanya hivyo rangi ikiwa imekauka kwa siku nzima.

*Boga limenyauka siku ya pili.* Lizamishe kwenye ndoo ya maji baridi saa kadhaa, hurudi kwa siku moja hivi. Likiwa na ukungu mweusi ndani, limekwisha, litupe kwenye mboji.

*Kipande kimevunjika wakati wa kuchonga.* Kishike kwa vijiti viwili vya meno, uvisukume vikapotelea ndani ya nyama ya boga.

*Kindi wanalitafuna.* Wanapenda kingo mbichi. Changanya pilipili ya unga kwenye mafuta ya mgando, na mkumbushe kila mtu kunawa mikono.

*Mtoto amekataa boksi dakika za mwisho.* Usilazimishe. Mvalishe ukonda, boksi lipigwe picha barazani na kibao chake, na ukurasa wako bado uko salama.

*Ukurasa umevimba, albamu haifungi.* Umeweka kitu kinene kuliko mm 3. Kiondoe, kipige picha, weka picha yake badala yake.

*Wino umesambaa juu ya picha.* Kalamu ni ya maji. Usifute, utaeneza zaidi. Chapisha picha nyingine na maelezo yaandikwe kwenye kikaratasi pembeni.

*Vifaa ni ghali.* Kuanzia tarehe 1 Novemba taa, rangi za uso na visumeno hushushwa bei sana madukani. Nunua vya mwakani siku hiyo, toa betri kabla ya kuviweka kwenye boksi, na uandike kwa nje kilichomo.